Kozi Iliyomkabidhi Mwanafunzi Kazi: Kisa cha Columbia, 1968 hadi 1974

Agosti 1965, mtaa wa Watts, wenye wakazi wengi Weusi katika jiji la Los Angeles, Marekani, ulipowaka moto kwa ghasia, gazeti la Los Angeles Times halikuwa na hata ripota mmoja Mweusi wa kumtuma. Maripota Wazungu hawakuthubutu kuzama ndani ya mtaa ule. Aliyekwenda ni Robert Richardson, kijana wa miaka 24 kutoka idara ya matangazo ya biashara, ambaye uandishi wa habari haukuwa kazi yake. Aliingia Watts, akawa anapiga ripoti zake kutoka vibanda vya simu vya barabarani, na huko ofisini wenzake wakawa wanaandika anachosema. Mwaka uliofuata gazeti likapewa tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, kwa habari za ghasia zile.

Tukio hili husimuliwa kama hadithi ya ujasiri, na ujasiri ulikuwepo kweli. Ila kwa anayefundisha mawasiliano chuoni, au anayesoma fani hiyo akijiuliza kazi ataipata wapi, swali ni jingine kabisa. Huyu kijana alikuwa ndani ya jengo lilelile, akipita kwenye korido zilezile. Kilichomtenga na meza ya habari hakikuwa umbali wala kipaji. Ilibidi mtaa uungue ndipo mtu amuulize kama anaweza kuripoti.

Nimeanza na Watts kwa sababu kozi ya uandishi wa habari ya Columbia ninayotaka kuichambua hapa ilizaliwa na moto wa namna hiyo. Julai 1967, baada ya ghasia za Newark na Detroit, Rais Lyndon Johnson aliunda tume chini ya Otto Kerner, gavana wa Illinois, ichunguze chanzo cha machafuko. Ripoti ilitoka mwisho wa Februari 1968. Watu wengi huikumbuka kwa onyo lake kwamba Marekani inaelekea kuwa jamii mbili, moja nyeusi na nyingine nyeupe. Wachache husoma sura yake ya 15, inayohusu vyombo vya habari, na ndiyo inayotuhusu sisi.

Sura hiyo haina upole. Inasema Weusi walikuwa chini ya asilimia 5 ya watu waliokuwa kwenye kazi za uhariri na uandishi katika tasnia ya habari nchini humo, na chini ya asilimia 1 ya wahariri na wasimamizi, tena wengi wao wakiwa kwenye vyombo vinavyomilikiwa na Weusi wenyewe. Inakikataa kisingizio kilichokuwa midomoni mwa waajiri, kwamba tungewaajiri lakini hatuwapati wenye sifa. Tume ilijibu kwamba malalamiko hayo ni matupu yakitoka kwenye tasnia ambayo mpaka jana ilikuwa haimpi Mweusi kazi kwa urahisi, na suala la kumpandisha cheo lilikuwa halifikiriki. Kijana atajisomeshaje kazi ambayo anajua hatapewa? Ikaongeza kwamba kuajiri mmoja, au hata wawili watatu wa kuonyesha wageni, hakutoshi tena.

Huo ndio utambuzi wa ugonjwa, na ulikuwa sahihi. Kisa chetu kinahusu dawa.

Aliyeanza kuichemsha alikuwa Fred Friendly, aliyewahi kuwa rais wa CBS News, idara ya habari ya mtandao wa televisheni wa CBS. Aliacha kazi hiyo mwaka 1966 kwa hasira, baada ya kituo kurusha marudio ya vichekesho badala ya kikao cha Seneti kuhusu vita vya Vietnam, akahamia shule ya uandishi wa habari ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na pia akawa na sauti katika Ford Foundation, wakfu unaofadhili miradi ya kijamii. Kwa hiyo ripoti ya Kerner ilipotoka, mtu mmoja alikuwa amesimama mahali ambapo darasa, fedha na mitandao ya waajiri vinakutana. Kiangazi hichohicho cha 1968 kozi ikafunguliwa Columbia kwa fedha za Ford, kwa ajili ya vijana wa makundi ya walio wachache waliotaka kuingia kwenye redio, televisheni na magazeti.

Haikuwa shahada. Yalikuwa mafunzo mafupi ya kiangazi, wiki chache za kukimbizana na jiji. Asubuhi unapewa habari ya kufuatilia, mchana unatafuta vyanzo, jioni kazi yako inachambuliwa na watu wanaoifanya kila siku. Ukichelewa, umechelewa. Wakufunzi hawakuwa wahadhiri peke yao. Maripota na wahariri waliokuwa kazini walikuja kufundisha, na baadaye miongoni mwao akawemo Robert Maynard wa Washington Post na Earl Caldwell wa New York Times. Caldwell ndiye yule aliyekataa kutoa ushahidi mbele ya baraza la mashtaka kuhusu Black Panthers, kundi la kisiasa la Weusi, na kesi yake ikafika hadi Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1972. Fikiria kufundishwa kulinda vyanzo vya habari na mtu ambaye serikali inamkaba kooni kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini jambo lililoitofautisha kozi hii na semina nyingine halikuwa ukali wake. Ilifanya ajira kuwa sehemu ya kozi. Waandaaji walishughulika na wahariri na wakuu wa vituo kwa bidii ileile waliyoshughulika na wanafunzi, ili anayemaliza atoke na kiti cha kukalia, si cheti cha kutundika.

Mfano ulio wazi ni Michele Clark. Alipita Columbia mwaka 1970, na mwaka huohuo akawa ripota wa WBBM, kituo cha CBS jijini Chicago. Mwaka 1972 CBS ikampandisha kuwa ripota wa mtandao wa taifa, na hutajwa kuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo kwenye televisheni ya taifa Marekani. Desemba 8 mwaka huo, akiwa na miaka 29, alifariki kwenye ajali ya ndege karibu na uwanja wa Midway, Chicago. Kozi ikabadilishwa jina kwa heshima yake. Kutoka darasani hadi televisheni ya taifa ilikuwa imemchukua miaka miwili. Waajiri waliokuwa wakisema hawawapati wenye sifa walikuwa wamepata jibu lao hadharani, usiku hadi usiku, kwenye skrini.

Mpaka mwaka 1974 kozi ilikuwa imetoa wahitimu zaidi ya 200. Kwa nchi kubwa kama ile idadi hiyo ni ndogo, ila kwa vyumba vya habari ambavyo vilikuwa vinahesabu Weusi kwa vidole, ilikuwa ni mabadiliko.

Tukae kidogo kwenye hili la ajira, kwa sababu ndipo idara nyingi za mawasiliano zinapojikwaa mpaka leo, popote zilipo. Idara ikiambiwa iongeze fursa kwa wanafunzi wasio na mtu wa kuwashika mkono, inafanya yaliyo ndani ya uwezo wake. Huandaa siku ya ajira, warsha ya kuandika wasifu, na mgeni rasmi anayesimulia alivyotoka mbali. Yote haya yanamtazama mwanafunzi, yanamrekebisha yeye, kana kwamba tatizo lote liko kwake. Mwajiri anakuja, anakula chakula cha mchana, anagawa kadi, anaondoka bila kuahidi chochote. Columbia ilikwenda kinyume. Ilimtaka mwajiri aingie mkataba wa namna fulani na kozi, hata kama ni wa maneno, kwamba huyu nitamchukua. Mwajiri aliyekwisha kuahidi nafasi huuliza maswali tofauti kuhusu mafunzo, na mkufunzi anayejua mwanafunzi wake ataripoti kazini Jumatatu humfundisha tofauti na yule anayemtakia heri.

Kuna faida nyingine ambayo haizungumzwi sana. Kazi za mawasiliano, iwe habari, uhusiano wa umma au matangazo ya biashara, hupatikana sana kwa kujuana. Nafasi haitangazwi, au hutangazwa ikiwa imekwisha kupata mtu. Mtoto wa mhariri anaijua nafasi kabla haijatokea, na mtoto wa dereva wa basi anaisoma kwenye tangazo siku ambayo mtu mwingine ameanza kazi. Kozi ya Columbia haikuwahubiria waajiri waache kujuana. Iliwatengenezea wanafunzi wake kujuana kwao, Friendly akipiga simu kama mjomba apigavyo. Wapo watakaosema huo nao ni upendeleo. Mimi nadhani ni kusema ukweli kuhusu namna tasnia hii inavyoajiri.

Tasnia ya matangazo ilifuata njia inayofanana. Mwaka 1973 chama cha kampuni za matangazo cha Marekani, 4A's, kilianzisha MAIP, programu inayowapeleka wanafunzi wa vyuo kutoka makundi ya walio wachache kwenye mafunzo kazini ndani ya kampuni wanachama. Imeishi miongo mingi kuliko kozi ya Columbia, na sababu moja ni rahisi kuiona: mwenye programu ni chama cha waajiri wenyewe.

Hapo ndipo udhaifu wa Columbia unapojitokeza. Mwaka 1974 fedha zilikauka na chuo kikaifunga kozi. Miaka sita ya mafanikio yanayoonekana kwa macho, wahitimu wapo kwenye skrini na kurasa za mbele, na bado haikuwa imepata mahali pa kudumu kwenye bajeti ya taasisi. Ilikuwa mgeni anayelishwa na mfadhili. Mfadhili anapenda kuanzisha vitu, na kuvilipia vikishazeeka si jambo linalompendeza sana. Nimeona andiko la mradi baada ya andiko la mradi likiishia na sentensi kwamba baada ya miaka mitatu chuo kitaichukua programu, na hakuna mtu chuoni aliyeulizwa ataichukua kwa fedha ipi. Anayetaka kujua kama idara inaamini kweli mpango wake wa kuleta mchanganyiko wa watu asisome tamko lake. Aangalie mshahara wa mratibu unatoka kwenye kasma gani.

Kozi ingeishia hapo, ikawa tanbihi. Haikuishia, na walioifufua ni wakufunzi na waandishi wenyewe. Mwaka 1976 Maynard na wenzake waliihamishia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na mwaka 1977 wakaunda taasisi yao, Institute for Journalism Education, ambayo leo inaitwa Maynard Institute. Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Zamani chuo kilikuwa kinamiliki kozi na wanahabari wanaalikwa. Sasa wanahabari wanamiliki kozi na chuo kinatoa ukumbi.

Waangalie hao waanzilishi walivyokuwa. Nancy Hicks Maynard alitoka New York Times. Frank Sotomayor alikuwa mwandishi Mlatino. Leroy Aarons, Mzungu wa Washington Post, baadaye mwaka 1990 alianzisha chama cha wanahabari mashoga na wasagaji. Dorothy Gilliam alikuwa ripota mwanamke Mweusi wa kwanza kuajiriwa na Washington Post, mwaka 1961, akitokea Columbia hiyohiyo na shahada ya uzamili.

Gilliam amesimulia yaliyomkuta akiwa ripota mgeni Washington, na simulizi lake lingefaa kusomwa katika kila kikao cha kupanga mafunzo kazini. Teksi zilikuwa hazimsimamii. Ripota mwenzake Mzungu anamaliza mahojiano, anapunga mkono barabarani, dakika kumi yuko ofisini anachapa. Yeye anasimama kando ya barabara, teksi tupu zinampita, na saa ya kufunga ukurasa inasogea. Akazoea kuandika habari yake kwa hati mkato palepale barabarani, ili akifika ofisini awe na kitu cha kuchapa. Mwaka ufuatao alipotumwa Mississippi kuripoti James Meredith, mwanafunzi Mweusi wa kwanza, alivyoingia Chuo Kikuu cha Mississippi, hoteli hazikumpokea, akalala kwenye nyumba ya mazishi inayomilikiwa na Weusi. Mhariri aliyemsubiri habari hakuwa lazima ajue lolote kuhusu teksi. Angeweza kuandika kwenye tathmini kwamba binti ni mzuri ila anachelewa.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo takwimu za kuajiri haziionyeshi. Mtu anaingia mlangoni na kukuta kazi ileile inamgharimu mara mbili. Taasisi ya Maynard ililielewa hili mapema, labda kwa sababu waliokuwa wakiiendesha walikuwa wameyaonja. Kozi ya maripota wapya haikutosha. Wakaongeza mafunzo ya wahariri katika Chuo Kikuu cha Arizona, na ya mameneja wa vyombo vya habari katika Chuo Kikuu cha Northwestern, kwa sababu ripota anayeanza hana amri juu ya nani atatumwa wapi na nani atapandishwa.

Maynard mwenyewe ni kisa ndani ya kisa. Aliacha shule akiwa na miaka 16 huko Brooklyn ili awe mwandishi. Hakuwa na shahada. Alijifunza kazini kwenye gazeti la mji mdogo Pennsylvania, akapata ufadhili wa Nieman, wa wanahabari, wa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1966, ndipo Washington Post wakamchukua. Mwaka 1979 akawa mhariri wa Oakland Tribune, na mwaka 1983 akalinunua, akawa Mwafrika wa kwanza wa Marekani kumiliki gazeti kubwa la kila siku la jiji. Kwa vigezo vya kawaida vya kuchuja maombi, barua yake ingeishia kwenye pipa.

Mwaka 1978, kwa msukumo wa Maynard na wenziwe, chama cha wahariri wa magazeti cha Marekani, ASNE, kiliweka lengo: kufikia mwaka 2000 sehemu ya walio wachache katika vyumba vya habari ilingane na sehemu yao katika idadi ya watu wa nchi. Wakaanza kuhesabu kila mwaka. Hesabu ya kwanza ilileta karibu asilimia 4. Mwaka 2000 ilikuwa chini kidogo ya asilimia 12, wakati katika nchi walikuwa wanakaribia theluthi. Wahariri waliona mapema kwamba hawafiki, na mwaka 1998 wakasogeza lengo hadi 2025.

Mtu anaweza kusoma namba hizo kama kushindwa, na kwa lengo lenyewe ni kushindwa. Mimi naona mambo mawili ndani yake. Kwanza, kutoka 4 hadi karibu 12 si kitu cha kudharau, na hakukuja kwa matamko. Kulikuja kwa sababu kulikuwa na mabomba kama ya Columbia na Berkeley yanayomwaga watu ndani. Pili, lengo la taifa halikuwa na mtu wa kulibeba. ASNE haikuajiri mtu. Wahariri mmoja mmoja ndio waliajiri, na asiyefanya hakupata hasara yoyote. Hata kuhesabiwa kulikuwa hiari. Mwaka 2018, kati ya vyombo takriban 1,700 vilivyoulizwa, vilivyojibu vilikuwa 293. Mwenye namba mbaya ananyamaza tu.

Kuna pingamizi ambalo mwandishi wa kisa hiki hawezi kulikwepa. Kuchagua watu kwa rangi yao, hata kwa nia njema, kumefika mahakamani. Warsha moja ya uandishi wa habari kwa wanafunzi wa sekondari huko Virginia ilishtakiwa mwaka 2006 baada ya kumkataa mwombaji Mzungu, na mwaka uliofuata wadaiwa wakakubali nje ya hukumu kwamba rangi haitakuwa kigezo tena. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ilipiga marufuku kwa kiasi kikubwa matumizi ya rangi katika kudahili wanafunzi. Kozi ya Columbia ya 1968, kama ilivyokuwa, leo ingekuwa na mawakili mlangoni.

Jibu, kwa maoni yangu, liko kwenye kazi za baadaye za Maynard, kabla hajafariki mwaka 1993. Alisema jamii imepasuliwa na nyufa tano: rangi, tabaka, jinsia, kizazi na mahali mtu anapoishi. Aliitumia hoja hiyo kuwafundisha wahariri kuuliza nani hayupo kwenye habari. Lakini inafaa vilevile kuuliza nani hayupo kwenye orodha ya wanaokwenda mafunzo kazini. Ufa wa tabaka, hasa, unafanya kazi kimyakimya. Mafunzo kazini yasiyolipwa ni chujio la fedha: anayeweza kuishi miezi mitatu bila kipato anaingia, asiyeweza anabaki. Mwaka 2013 jaji wa New York aliamua kwamba watu waliofanya mafunzo kazini bure kwa kampuni moja ya filamu walipaswa kulipwa. Mahakama ya rufaa ililegeza uamuzi huo mwaka 2015, ikasema kipimo ni nani ananufaika zaidi, anayejifunza au mwajiri. Waajiri kadhaa, badala ya kulipa, walifunga programu zao, jambo ambalo halikuwasaidia waliokuwa nje tangu mwanzo.

Kwa hiyo ningekuwa mkuu wa idara ya mawasiliano leo, nikitaka kuiga Columbia bila kuiga kosa lake, nisingeanza na fomu ya wanafunzi. Ningeanza na waajiri watano sita walio tayari kusaini nafasi zenye posho kabla muhula haujaanza, na kila mmoja ataje mhariri au meneja mmoja kwa jina atakayembeba mwanafunzi. Nafasi zingetangazwa kwa wanafunzi wote siku moja, na kuchuja kungeangalia nani hajawahi kupata mlango: wa kwanza kwao kufika chuo, anayefanya kazi usiku, anayetoka mbali na miji yenye vyombo vya habari. Mshahara wa mratibu ungeingia kwenye bajeti ya kawaida tangu mwaka wa kwanza, hata kama ni nusu tu, ili mfadhili akiondoka kuwe na mtu wa kupokea simu. Na miezi sita baada ya mwanafunzi kuanza kazi, mratibu huyo angempigia amuulize siyo kama amefika, bali anafikaje: nani anampa kazi, nani anazisoma, na teksi zinamsimamia au hapana.